Aliyemtaja Kindness

Leonsi alikuwa amelia mpaka macho yamemvimba, na bado Inspekta Mektilda hakumwonea huruma hata chembe. Si kwamba alimwona muuaji. Alimwona mjinga, na katika kazi hii ya upelelezi wajinga ndio waliomchosha kuliko wezi. Mtu mzima na akili zake, mnunuzi wa mbaazi anayeheshimika mjini, anasimama mbele ya watu na kupiga kelele kwamba atamtoa roho Valence, wakala wa masomo ya nje, kwa sababu mwanawe kanyimwa viza. Kesho yake asubuhi Valence anakutwa ofisini kwake Bagara, kichwa kimepasuliwa, kipande cha nondo kando yake. Sasa polisi wafanye nini? Wamletee soda?

"Rudia," Mektilda alisema.

"Afande, nimesharudia mpaka mate yamenikauka."

"Maji yapo. Rudia."

Sajenti Romani alisogeza kikombe cha maji mezani huku akipiga miayo bila aibu. Kwake yeye kesi ilikwisha. Mkubwa wao naye alishasema jalada liwe tayari, kesho mtuhumiwa apandishwe mahakamani. Na kosa la mauaji halina dhamana. Leonsi angeingia gerezani kesho, kisha angekaa huko akisubiri kesi isikilizwe, mbaazi zake ziliwe na wadudu ghalani, na mwanawe azeeke bila kuliona darasa lolote, la hapa wala la ng'ambo.

"Jioni ile nilikwenda kwake kumwomba radhi," Leonsi alisema. "Hasira zilishanitoka. Mke wangu alinisema sana. Nikakuta mlango umeegeshwa, nikasikia wanaongea ndani."

"Nani na nani?"

"Valence na mtu. Huyo mtu sikumwona. Alikuwa anaongea chini chini, sikuipata hata sauti yake. Valence ndiye alikuwa anapaza."

"Akisema nini?"

"Akisema, 'Aliyemtaja namjua, lakini wewe siwezi kukwambia. Utaumia bure.' Akarudia tena hivyo hivyo, utaumia bure. Nikaona hao wana yao, nikageuza."

Walipotoka nje ya chumba cha mahojiano Romani alicheka.

"Huyu anatutungia, afande. Kaona maji ya shingo."

"Angekuwa anatunga, angetunga mtu kamili," Mektilda alimjibu. "Angesema ni mrefu, mweusi, ana kofia nyekundu. Mtu anayejiokoa kwa uongo hakuletei mlango ulioegeshwa na mtu asiye na sura wala sauti. Washa gari."

"Twende wapi tena?"

"Kwa marehemu."

Ofisi ya Valence ilikuwa chumba kimoja chenye dirisha la kioo, na juu ya mlango pameandikwa kwa rangi ya bluu kwamba hapa ndipo safari ya mwanao inapoanzia. Vijana wengi wa Babati waliokwenda kusoma nje walipitia mlango huo. Clara, mjane wake, aliletwa kutoka msibani akiwa na khanga mbili na uso uliokauka kwa kulia. Alikataa kukaa kwenye kiti cha wageni. Alikaa kwenye kile cha mumewe.

Mektilda alisimama mbele ya ukuta wa picha. Valence alikuwa na mtindo wake. Kila kijana aliyepata viza, alimpiga picha ameshika pasipoti, akaitia kwenye fremu ya kioo na kuitundika hapo ili mzazi mwingine akiingia atamani. Zilikuwa nyingi, zimepangwa kwa safu. Katika safu ya kati kulikuwa na msumari mtupu, na rangi ya ukuta chini yake ilikuwa haijapauka kama ya pembeni.

"Hapa mlisema fremu ilianguka wakati wa purukushani," Mektilda alimwambia Romani.

"Ndiyo, afande."

"Vioo vyake viko wapi?"

Romani alitazama sakafuni, akatazama chini ya meza, akainuka taratibu akijipangusa magoti.

"Havipo."

"Basi haikuanguka. Ilichukuliwa. Mtu ameua, mikono inamtetemeka, na bado akapata muda wa kutungua picha moja. Pesa za mezani hakuzigusa." Akamgeukia Clara. "Pole, mama. Hapo palikuwa na picha ya nani?"

Clara hakuhitaji kufikiri. "Kindness. Wa pale Nangara, kwa Mama Josephina. Yule aliyerudishwa."

"Mama yake tunamjua kituoni. Lakini hasa alirudishwa kwa kosa gani?"

"Kazi." Clara alikunja ncha ya khanga kidoleni. "Viza ya mwanafunzi ina masharti yake, afande. Chuo kikiwa kimefunguliwa unaruhusiwa kufanya kazi masaa machache tu kwa wiki. Ukizidisha, wanasema umekuja kutafuta kazi, shule ni kisingizio. Wanakufutia viza na kukupandisha ndege."

"Na mumeo aliwaambia hayo?"

"Aliwaambia wote. Halafu aliwatafutia kazi ya pili." Aliinamisha uso kidogo, kisha akauinua kwa ukali. "Usinitazame hivyo. Ada ya kule inakula kila kitu, na masaa waliyopewa hayatoshi kulisha hata paka. Kindness alikuwa na kazi ya dukani, hiyo ya halali. Na usiku alihudumia wazee kwenye nyumba yao, hiyo ya kimya kimya. Alipoomba kuongezewa muda wa viza, wakamwita, wakamwuliza kuhusu hiyo ya usiku. Kumbe wanajua kila kitu. Amerudi na begi moja, mwaka mmoja kabla ya kumaliza."

"Nani hapa Babati alijua kuhusu kazi ya usiku?"

"Nyumbani kwao. Na mume wangu."

"Basi mumeo ndiye alimtaja," Romani alidakia.

Clara aliruka kwenye kiti kama amechomwa sindano. "Ili iweje? Wewe una akili kweli? Mwanafunzi wake mmoja akifukuzwa, wanaomfuata wote wanatiliwa shaka! Huyo mtoto wa Leonsi mnayemfungia baba yake, unadhani alinyimwa kwa nini? Ni baada ya Kindness. Valence amtaje Kindness, achome nyumba yake kwa mkono wake mwenyewe?"

Romani alirudi nyuma hatua moja. Alistahili kukemewa.

"Alijua ni nani aliyemtaja?" Mektilda aliuliza.

"Alijua. Nilimbana sana aniambie. Akasema, 'Clara, acha. Nikimtaja huyo mtu nitakuwa nimeua nyumba nzima.'" Hapo sauti ilimkatika, akajifunika uso kwa khanga. Mektilda alimwacha alie. Kulia ndiyo kazi pekee iliyokuwa imebaki kwenye ofisi ile.

Nangara si mbali. Nyumba ya Josephina ilikuwa na bati jipya mbele na bati la zamani nyuma, kama nguo iliyoisha kitambaa fundi akiwa katikati. Pembeni mwa ua, chini ya kibanda cha turubai, kijana alikuwa anachomelea geti, miwani nyeusi usoni, cheche zinamrukia miguuni. Mageti mengine yalikuwa yameegeshwa ukutani, yamepakwa rangi nyekundu ya kuzuia kutu. Mektilda alisimama kidogo akizitazama nondo zilizopangwa chini. Nondo iliyokutwa kando ya Valence ilikatwa kwa grainda, na upande mmoja ilikuwa na rangi nyekundu ya namna hiyo hiyo.

"Baki getini," alimnong'oneza Romani. "Usionyeshe pingu."

Kisha akamsogelea kijana. "Habari ya kazi?"

Alizima mashine, akapandisha miwani juu ya paji la uso. "Nzuri. Shikamoo, afande."

"Marahaba. Wewe ndiye Gerson, mwanawe Mama Josephina?"

"Ndiyo mimi, kaka yake Kindness."

"Rangi hii unanunua wapi?"

"Dukani tu, kila fundi anayo." Alijibu haraka, tena akitazama mageti badala ya kumtazama aliyeuliza.

Kila fundi anayo. Ni kweli, na hapo ndipo ugumu ulipokuwa. Kwa nondo na rangi, wakili yeyote angemtoa kijana huyu mahakamani kabla chai haijapoa, na Leonsi angebaki ndani. Mektilda alimshukuru, akaelekea mlangoni.

Josephina alikuwa ameshatoka kuwapokea. Mama wa makamo, mfupi, kitambaa kichwani, mikono migumu ya jembe. Alimfahamu Mektilda vizuri. Tangu binti yake arudi, alikuwa kiguu na njia kituoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibuni, karibuni ndani. Mmemkamata?"

"Nani, mama?"

"Si huyo aliyemchongea mwanangu! Nimekuja kwenu mpaka nimechoka. Mkamateni, mfungeni."

"Mama, nilishakueleza. Kumtaja mtu kwa serikali ya nchi nyingine si kosa kwetu. Siwezi kumfunga mtu kwa hilo."

"Haya. Ninyi mkishindwa, Mungu hashindwi. Nimefunga, nimeomba. Nimemwambia Bwana, nionyeshe tu huyo mtu, nimwone kwa macho yangu." Akafuta kiti kwa upindo wa kitenge. "Kaa mwanangu, nikupikie chai."

Alipokwenda jikoni, Mektilda aliketi karibu na Kindness. Binti alikuwa kwenye kigoda anachambua mbaazi, amevaa sweta zito la ng'ambo mchana wa jua kali. Alichambua mbaazi zile zile mara ya pili na ya tatu.

"Walikuuliza nini hasa, siku ile walipokuita?"

"Walijua, afande. Walijua duka, walijua wazee, walijua silali." Aliongea kwa sauti ndogo. "Nilitaka kukataa. Halafu yule mama wa uhamiaji akaniuliza kitu cha ajabu. Akaniuliza, kwa nini nyumbani kwenu wanakuita trekta."

"Trekta?"

"Ndiyo. Nikafikiri ananitukana. Nikalia, nikakubali kila kitu."

"Na nani anakuita trekta?"

"Hakuna. Mimi sijawahi kuitwa hivyo na mtu yeyote."

"Kaka yako ulimwambia hili?"

"La trekta? Hapana. Lilinitia aibu. Nilimwambia tu kwamba walijua, na kwamba nje ya nyumba hii anayejua ni Valence peke yake."

Mektilda alitoka nje, akasimama kivulini akijifanya anapiga simu. Kuna kitu hakikukaa sawa. Mtu akikuchongea, anataja duka, anataja saa, anataja jina la bosi. Hakuiti trekta. Hapa Babati mtu anayemwita mwenzake trekta anamsifia uchapakazi, tena anamsifia mbele za watu. Anayekuchongea hakusifii. Basi aliyesema hakuwa adui, na hakumnong'oneza mtu. Alisema kwa sauti, kwa Kiswahili, na huko ng'ambo wakatafuta wa kuwatafsiria.

Sasa yule mama wa uhamiaji, akiwa na jina tu mezani, alifanyaje? Mektilda alifanya vile vile. Alifungua simu, akaandika jina la binti kwa ukamilifu wake, Kindness Nikodemu Amsi, akabonyeza.

Cha kwanza kutokea kilikuwa video. Aliitazama mpaka mwisho, sauti ikiwa chini, sikio limebanwa kwenye simu. Ilipokwisha aliegemea ukuta. Sasa aliijua njia ya kumpata muuaji, na njia hiyo ilipita juu ya kifua cha yule mama aliyekuwa anapuliza moto jikoni. Kama si Leonsi kule mahabusu, huenda angeirudisha simu mfukoni na kuaga.

"Gerson," aliita. "Njoo ndani kidogo. Na wewe, Romani."

Waliketi wote sebuleni. Josephina alikuwa ameweka chai, anamimina. Mektilda aliisimamisha simu juu ya meza, akaiegemeza kwenye bakuli la sukari.

"Naomba mtazame hii. Kisha tutaongea."

Ilikuwa ibada ya Jumapili, usharika wao wenyewe, siku ya shukrani ya Josephina. Alisimama mbele amevaa kitenge kipya, na mbele yake kulikuwa na gunia la mahindi, kuku na mbuzi wa mnada wa baada ya ibada. Kando yake Gerson, ndani ya suti, ameinua juu picha kubwa ya dada yake ili hata waliokaa nyuma waione. Chini ya video waliandika jina la binti na jina la chuo chake, wakaongeza hongera.

"Jamani, siku ile!" Josephina alisema, birika likiwa bado mkononi. Alitabasamu. "Kumbe walirekodi?"

"Bwana Yesu asifiwe!" Josephina wa kwenye simu aliita, na kanisa zima likaitika amina. "Wapendwa, wengine Mungu amewapa watoto. Mimi amenipa trekta!"

Watu walicheka, wakapiga makofi. Mikono ya Kindness ilisimama juu ya ungo.

"Kindness wangu halali! Mchana chuo, jioni dukani, usiku anawaogesha wazee wa watu mpaka kunakucha! Kazi mbili, wapendwa, na shule juu! Bati mnaloliona kwangu ni jasho lake. Nani kama Mungu?"

Vigelegele vilipasuka. Hapo, kwenye benchi la pili, mwanaume mwenye shati jeupe alisimama. Alikuwa Valence. Alipunga mikono yote miwili juu ya kichwa, akaikutanisha na kuitawanya, mdomo wake unasema neno lililomezwa na kelele. Kiongozi wa ibada alimwona, akafurahi. "Ndugu yetu ameguswa! Mpeni Yesu makofi!" Kwaya ikadaka wimbo. Gerson wa kwenye simu alishuka na picha yake mkono mmoja, akamkumbatia Valence kwa mkono wa pili na kumkalisha kwa upendo, wote wawili wakitikiswa na watu waliokuwa wanacheza.

Josephina aliweka birika chini lakini akakosa meza, chai ikamwagika sakafuni. Hakuiangalia.

"Trekta," Kindness alisema. "Mama."

"Mimi nilikuwa namshukuru Mungu," Josephina alisema. "Nilikuwa namshukuru Mungu tu, mwanangu. Kanisani kwetu. Wale watu wamefikaje kanisani kwetu?"

Gerson alikuwa amesimama. "Rudisha nyuma."

"Wapi?" Mektilda aliuliza.

"Pale Valence anapoinuka. Rudisha."

Aliirudisha. Valence akasimama tena, akapunga tena mikono. Gerson aliinama mpaka uso wake ukakaribia kugusa kioo.

"Nilidhani anashangilia," alisema.

"Alikuwa anamzuia mama yako. Yeye peke yake mle ndani ndiye aliyejua masharti."

"Mbona hakusema?" Sauti ya Gerson ilianza kupanda, ikakwaruza. "Mbona hakuniambia? Nilimwuliza, afande. Nilimwambia nitajie tu, nitajie mtu mmoja nikuache. Akasema namjua lakini wewe siwezi kukwambia. Akasema utaumia bure. Mimi nikaona ananicheza shere. Nikaona ni yeye na anajificha; ya kanisani hata sikuyawaza, wale ni watu wetu. Angenitajia tu!"

Romani alimtazama Mektilda, na safari hii hakupiga miayo. Maneno yale yalikuwa kwenye maelezo ya Leonsi, na maelezo ya Leonsi yalikuwa kabatini kituoni. Aliyeweza kuyajua alikuwa ndani ya chumba kile Bagara jioni ile, mlango ukiwa umeegeshwa.

"Picha uliiweka wapi?" Mektilda aliuliza polepole.

"Chini ya mabati, kule kibandani. Sikutaka abaki pale ukutani. Dada yangu abaki anamtazama..." Hakumaliza. Alinyoosha mikono mbele, ile mikono yenye makovu ya cheche, kabla hajaombwa.

Josephina alikuwa wa mwisho kuelewa, na alielewa kwa kusikia mlio wa pingu. Alijitupa kati yao, akamshika Romani mkono kwa nguvu za mtu aliyelima maisha yake yote.

"Mwacheni! Nifungeni mimi! Mlikuwa mnamtafuta aliyemtaja Kindness, si ni mimi? Si mmeniona hapo kwa macho yenu? Nifunge mimi, mwanangu, nimekiri."

"Mama," Mektilda alisema. "Nilikwambia. Hilo si kosa. Siwezi kukufunga kwa hilo."

"Sasa hili langu mnaliitaje?"

Kwenye simu ibada ilikuwa imefika mnadani, na mtu alikuwa anapandisha bei ya mbuzi huku watu wakicheka. Kindness alinyoosha mkono, akaizima. Kisha alipiga magoti kwenye chai iliyomwagika, akamshika mama yake mabegani na kumkalisha chini, na Romani akapita na Gerson kwenda kwenye gari.